Bakuli Kichwani

Mabinti zangu wa kituoni, mlikuja hapa kwangu Lumemo, Ifakara, na daftari, mkasema kuna mtoto wa miaka miwili na nusu anayewashinda. Anamaliza chakula chake, anaingilia cha jirani, anameza bila kutafuna, na mkimwondolea sahani analia kama hajala tangu juzi. Mkasema, "Anti Perpetua, wewe umelisha watoto miaka yote hiyo, tuandikie dawa yake." Nikakubali haraka haraka, maana mtu mzima akiombwa ushauri kichwa huvimba. Kisha mlipoondoka nikakaa na kalamu siku nne bila kuandika neno.

Haukuwa uvivu. Ni aibu. Ninachokijua kuhusu mtoto anayekula sana na kwa haraka nilikijua baada ya kumharibu mtoto wa mwenzangu, nikamwacha mama yake abebe lawama. Sasa nitaandika hivyo hivyo yalivyokuwa, na yenye faida mtayaokota humo ndani.

Kituo chetu cha kulea watoto wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kilikuwa chumba kimoja, baraza, na banda la jiko nyuma. Ninyi mna meza ndogondogo na watoto wenye hotpoti zao. Sisi tulikuwa na mikeka, sufuria moja kubwa, na mabakuli kumi na mawili ya plastiki. Watoto walipita thelathini, na msimu wa mpunga waliongezeka, kwa sababu akina mama walivuka mto kwenda mashambani alfajiri na kurudi jua likiwa linazama. Kila mmoja alileta kibaba chake cha mchele, tukachanganya, tukapika pamoja.

Kwa kuwa mabakuli yalikuwa machache, tulilisha kwa zamu. Zamu ya kwanza ikimaliza, tunasuuza, inaingia ya pili, halafu ya tatu. Sasa nani asiyewajua watoto? Mmoja anachora kwenye mchuzi kwa kidole. Mwingine anaweka tonge shavuni na kusinzia nalo, ukimwamsha saa tisa bado limo, mkavu kabisa, wala hashituki. Zamu ya tatu ilikuwa inakula wali umepoa na wenyewe wamechoka kulia.

Ndipo nikabuni utaratibu wangu. Mnaujua wali wetu unaopikwa kwa kuni, ule ukoko wake wa chini ulivyo na harufu. Nikatangaza kwamba wa kwanza kumaliza katika kila zamu atapata ukoko. Na kwa kuwa mimi nilikuwa kule jikoni kwenye moshi, sioni vizuri nani amemaliza, nikawafundisha kwamba ukimaliza, geuza bakuli ulivae kichwani, kisha njoo usimame mbele yangu. Bakuli kichwani maana yake limekwisha kweli, huwezi kunidanganya, maana ukidanganya utamwagikiwa.

Ilifanya kazi ajabu. Zamu iliyokuwa inachukua muda wote wa mchana ikawa inakwisha kabla sijafuta jasho. Watoto walikuja mmojammoja na mabakuli yao kichwani, punje za wali zimeganda kwenye nywele, nami nikacheka hadi machozi. Wageni wakija kukagua nawaonyesha. Walinisifu, na mimi nikajiona mtaalamu.

Mtu mmoja tu hakunisifu. Alikuwa Bi Havijawa, mpishi wetu, Mndamba mwenyeji wa bonde hili, mtu mzima kuliko mimi, aliyekuwa amelea wajukuu wasio na idadi. Alikuwa akigeuza wali akaniambia bila kuniangalia, "Perpetua, unawafundisha watoto kuukimbiza wali. Wali wenyewe unakwenda wapi?"

"Mabakuli hayatoshi, Bi Havijawa."

"Basi omba mabakuli."

Nikaona ni wivu wa wazee tu. Sikuomba mabakuli.

Sasa aingie Otilia. Aliletwa akiwa na miaka miwili na miezi michache, mashavu yamejaa, miguu mifupi minene, sauti ya mtu mzima. Mama yake alikuwa mwanamke wa Kipogoro kutoka upande wa Mahenge, ameolewa hapa Lumemo, mumewe akifanya kazi huko kwenye mashamba ya miwa na kurudi mara mojamoja. Alikuwa mpole, mwenye haya. Alinisalimia kwa kupiga goti ingawa hatukupishana sana umri, akasema, "Anti, huyu anapenda kula. Naomba asiwasumbue."

Na kweli alipenda kula. Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Wiki ya kwanza Otilia alikula taratibu. Alikula kingi, lakini alikaa amekunja miguu, anaokota punje mojamoja, anaitazama, anaila, anatabasamu. Alikuwa wa mwisho kumaliza katika zamu yake. Mimi ndiye niliyemwambia, "Wenzako wanapata ukoko, wewe unabaki kuangalia punje!" Wiki ya pili alionja ukoko kwa mara ya kwanza, nilipomhurumia nikampa kipande. Macho yalimtoka. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anawashinda watoto wa miaka mitano.

Tulimpa jina. Tulimwita Mashine, kama zile mashine za kukoboa mpunga zinavyomeza gunia. "Mashine imewaka!" napiga kelele, naye anazidisha. Nilikuwa nikiwaita hata wapita njia waje kumwangalia. Mtoto wa miaka miwili akiona watu wazima wanapiga makofi, atafanya lile lile tena na tena, hana namna ya kujua kama anasifiwa au anadhihakiwa. Mimi niliyekuwa najua, nilipiga makofi.

Siku moja ukoko wenyewe ulimkaba. Alimeza kipande kikavu bila kutafuna, uso ukabadilika, sauti ikakata. Mimi niliganda. Bi Havijawa aliruka kutoka jikoni, akamlaza kifudifudi kwenye mapaja yake, kichwa kikiwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega, moja, mbili, tatu, kile kipande kikaruka. Jifunzeni hilo leo hii, kabla ya kingine chochote, na mjifunze kwa mwuguzi. Bi Havijawa hakunigombeza. Alinikabidhi mtoto akaendelea na kazi. Mnajua nilifanya nini? Kesho yake nikaanza kulowanisha ukoko kwenye mchuzi. Utaratibu wangu niliuona mzuri mno kuuacha.

Baada ya muda mama Otilia alianza kubaki nyuma jioni, anazungukazunguka mlangoni. Hatimaye akasema, "Anti, mwanangu kaingiwa na nini? Nyumbani anakula kama anafukuzwa. Juzi kapeleka mkono kwenye sahani ya mkwe wangu. Mama mkwe ananiambia simlishi mtoto, ndiyo maana ana njaa hiyo."

Yeye alikuwa anamleta alfajiri na kumchukua jioni. Hakuwahi kuona mlo wa mchana hata siku moja. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale mlangoni, kwa sentensi moja. Badala yake nikaweka mikono kiunoni, nikasema kama daktari, "Hiyo minyoo." Akampeleka kliniki, mtoto akanyweshwa dawa, na hakutoka hata mnyoo mmoja. Akarudi. Nikamwambia, "Basi mpunguzie chakula. Umemzoesha vibaya."

Umemzoesha vibaya. Nilimwambia yeye.

Akampunguzia. Na hili mliandike kwa wino usiofutika. Mtoto mwenye hamu kubwa ukimpunguzia chakula humtulizi, unamtia hofu. Sasa anajua kwamba chakula kinaweza kuondoka, kwa hiyo lazima akiwahi. Otilia alianza kuficha wali kwenye gauni. Alianza kula huku anaangalia mlango.

Kisha ikaja komunyo ya kwanza ya mtoto wa jirani. Ilikuwa Jumapili mchana, turubai limefungwa, watu wote wa mtaani tupo, pilau na nyama ya ng'ombe. Bi Havijawa alikuwa msibani kwao. Mama Otilia alikuwa amemshonea mwanawe gauni jipya la kitenge, amemsuka, na alikaa naye kwenye mkeka kando ya mama mkwe. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa mbele yao, na akina mama wenzangu.

Otilia alipewa bakuli lake dogo. Alilimaliza kabla wengine hawajanawa mikono vizuri. Halafu akafanya kama alivyofundishwa. Alisimama, akaligeuza bakuli, akalivaa kichwani, mabaki ya mchuzi yakamtiririka usoni na kwenye gauni jipya, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mafiga, akasimama mbele ya mpishi, kifua mbele, anasubiri.

Watoto wengine wa kituoni walikuwepo. Wakubwa walishajua kwamba lile ni la kituoni tu. Yeye alikuwa mdogo mno kujua kuna la kituoni na la mbele za watu.

Kicheko kilichopigwa chini ya lile turubai bado nakisikia. Mwanamume mmoja akasema mtoto huyo ana njaa ya mashetani. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Otilia, alipoona mpishi hampi kitu, akageuka, akanitafuta, akaniona, akaanza kuja kwangu na bakuli lake kichwani, anatabasamu. Alikuwa anakuja kudai haki yake kwa mtu aliyemwahidi.

Nilipaswa kusimama. Nilipaswa kusema, "Jamani, msimcheke, hili nimemfundisha mimi." Nilitazama pembeni. Na kana kwamba hiyo haitoshi, nikapaza sauti nikasema, "Mama Otilia, hii Mashine yako leo haina breki!" Watu wakaangua kicheko upya.

Mama yake aliinuka, yule mpole aliyepiga goti, akamzaba kofi la uso mbele ya watu wote. Bakuli likaanguka, likaviringika hadi miguuni pangu. Otilia hakulia mara moja. Alinitazama mimi kwanza.

Bi Havijawa aliporudi akasikia habari. Hakupandisha sauti. "Mimi la mwenzangu sisemi," aliniambia. "Utakwenda mwenyewe."

Sikwenda. Nikasema kesho, nikasema keshokutwa. Ikaja habari kwamba mama mkwe amekata shauri: mtoto anapelekwa kwa bibi yake mzaa mama, kule Mahenge, akanyooshwe, maana huyu mama hawezi kulea. Mtoto wa miaka miwili na nusu anatenganishwa na mama yake kwa sababu ya mchezo wangu wa jikoni. Hapo hata mimi nilishindwa kula.

Asubuhi ya safari nilikwenda Kivukoni. Ninyi mnapita darajani hata hamuuoni mto, lakini siku zile ilikuwa pantoni, na malori ya Mahenge yalipanga foleni pale wakati watu wanakula samaki na kusubiri. Nilikuwa nimebeba kipande kikubwa cha ukoko nimekifunga kwenye jani la mgomba. Nakuapieni, nilikwenda kusema.

Nikawakuta wamekaa juu ya kifurushi cha nguo. Mama Otilia alikuwa na macho mekundu. Nikampa mtoto lile jani, kwa kuwa sikujua nianze vipi. Akalifungua, akala kwa haraka yake ile. Mama akanishika mkono akaanza kulia. "Anti, wewe tu. Wote wanamcheka mwanangu, wewe tu ndiye umekuja kumuaga."

Nikafungua mdomo. Na pale pale Otilia akamaliza, akalichukua lile jani tupu, akalivaa kichwani, akasimama mbele yangu.

"Ona sasa," mama yake akasema. "Anti, wewe unashinda naye. Hii ya kuweka vitu kichwani kaitoa wapi?"

Mabinti zangu, nilikuwa nimeulizwa. Sikuhitaji hata kuanza mwenyewe. Nikasema, "Watoto wana mambo yao."

Wakapanda pantoni. Mama yake alimbeba mgongoni, na lile jani lilikuwa bado kichwani.

Wiki ile ile nilifuta utaratibu wa ukoko. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba mabakuli, na nilipata ishirini na mawili kwa siku tatu tu, ndivyo ilivyokuwa rahisi. Yale mnayoyaita utaratibu wa Anti Perpetua, mliyonisifia siku ya kuniaga, yote yalianzia hapo, na mengi yalikuwa ya Bi Havijawa. Kaa chini ule na mtoto, kwa sababu atafuata mwendo wa mkono wako. Mpe kidogo, na sufuria iwe mahali anapoiona, ili ajue kipo kingine na akiomba atapewa. Kikate kidogokidogo, kiwe laini. Muulize kitu katikati ya mlo, akujibu, maana mtoto anayesimulia habari za kuku hawezi kumeza kwa pupa. Ukoko wagawie wote, mwishoni, wakiwa wameketi. Mtoto wa kula sana mwache ale sana, wengine wameumbwa hivyo na kliniki itawaambia kama kuna tatizo. Usimpe jina. Usimfanye kichekesho cha watu. Na mzazi akikuuliza kitu, anza kwa kujiuliza mwenyewe mchana wote ulifanya nini na mwanawe.

Huyo wa kwenu anayewashinda, nendeni mkamwangalie vizuri. Ameona nini hapo kituoni siku alipoanza kuukimbiza wali?

Otilia alirudi Ifakara alipofikia umri wa kuanza shule. Alikuwa amekonda, ana adabu mno. Alikula akiwa amewapa watu mgongo. "Bibi amemnyoosha," mama yake aliniambia kwa furaha, nami nikasema, "Hongera." Leo ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani kule Kiberege. Kwenye harusi na misiba yeye ndiye wa kwanza kufika jikoni, anapika, anagawa, anaosha vyombo, na hakuna aliyewahi kumwona anakula. Chake hukifunga akaenda nacho. Watu wanamsifu kwamba hana tamaa. Nimezisikia sifa hizo kwa miaka mingi na kila mara huwa natafuta sababu ya kuondoka.

Nilipomaliza kuandika hadi hapo, niliona haifai ninyi msome kabla ya mwenyewe. Nikazichukua karatasi nikaenda kwa mama Otilia. Alikuwa anapeta mchele uani. Nikamsomea yote, hadi lile jani. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Kwa hiyo mwanangu hakuwa mlafi?" akauliza.

"Hakuwa."

"Na mimi nilimpiga."

"Kosa lilikuwa langu."

Akaokota mawe kwenye mchele kwa muda mrefu. Nilitamani anitukane. Mwisho akasema, "Jumapili atakuja. Mwambie mwenyewe. Na waite wale waliokuwepo, waliobaki. Alipigwa mbele za watu."

Haya ya mwisho nayaongeza leo Jumatatu. Jana baada ya misa walikuja kwangu wanawake wanne wa siku ile, tumezeeka sote. Mama Otilia alikaa karibu na mlango. Otilia aliingia, akasema, "Shikamoo Anti," akataka kwenda jikoni kusaidia. Nikamzuia, nikamketisha, nikasimama mbele yake nikasema yote, pamoja na lile neno la breki. Nililia, na haikuwa kazi yangu kulia. Nikamwomba msamaha.

Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwa upole kama wa mama yake, "Mimi sikumbuki, Anti. Nakumbuka tu kwamba nikila watu wananicheka. Nikajua ni kasoro niliyozaliwa nayo." Akasema amenisamehe, na ninaamini alisema kweli.

Nilikuwa nimepika wali kwa kuni. Nikagawa, nikamwekea yeye ukoko kwenye sahani, kipande kizima, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Wote tulikaa, tukasubiri ale.

Aliupokea, akashukuru. Akatutazama mmojammoja, sisi tuliokuwa tunamtazama. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa mfuko msafi, akautia ukoko ndani, akaukunja vizuri.

"Nitakula nyumbani, Anti," akasema.